SOMO LA 9: KUHAKIKI KAZI AMBAYO HUJAPEWA NOTSI
Mfano: Filamu ya Drunken Master (1978)

A. MALENGO YA SOMO

Baada ya kusoma somo hili utaweza:

(i) kutofautisha kusimulia na kuhakiki;
(ii) kutumia vipengele vya maudhui na fani katika kazi yoyote ya sanaa inayosimulia hadithi;
(iii) kupima kufaulu na kutofaulu kwa kazi hiyo bila kuegemea upande mmoja;
(iv) kujibu swali la insha kwa hoja zenye ushahidi.

B. KWA NINI FILAMU?

Huenda umeshakariri dhamira za vitabu vyote teule. Ukiulizwa migogoro, unaitaja kama mtu anayehesabu shilingi. Lakini jiulize swali hili: hayo uliyoyakariri ni uhakiki wako au ni wa aliyeandika notsi? Njia ya kujua ni moja tu. Chukua kazi ambayo hakuna aliyekuandikia notsi zake, kisha uihakiki mwenyewe. Ukiweza, basi unajua kuhakiki. Ukishindwa, afadhali ulijue hilo leo kuliko kulijua ndani ya chumba cha mtihani.

Kazi tuliyoichagua ni filamu ya kungfu ya kuchekesha. Filamu ni ndugu wa karibu wa tamthiliya: ina wahusika, mazungumzo, matukio, migogoro na mandhari. Filamu za Hong Kong si ngeni kwetu pia. Wengi wamezitazama nyumbani au katika vibanda vya video, mara nyingine zikiwa na sauti ya mtafsiri anayezisimulia kwa Kiswahili huku mapigano yakiendelea.

ZINGATIA: Filamu hii haimo katika orodha ya vitabu teule. Usiitumie kujibu swali linalotaka vitabu teule. Hapa tunaitumia kama uwanja wa mazoezi tu.

C. TAARIFA MUHIMU KUHUSU FILAMU

Drunken Master, yaani "Bingwa Mlevi", ilitengenezwa Hong Kong na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1978. Iliongozwa na Yuen Woo-ping, ambaye miaka mingi baadaye alipanga mapigano ya filamu ya Kimarekani ya The Matrix (1999). Mhusika mkuu, Wong Fei-hung, aliigizwa na Jackie Chan, aliyezaliwa mwaka 1954. Jackie Chan alilelewa tangu utotoni katika shule ya opera ya Kichina, ambako watoto walifundishwa kuimba, kuigiza, sarakasi na mapigano ya jukwaani. Mzee So, mwalimu mlevi, aliigizwa na Yuen Siu-tien, ambaye alikuwa baba mzazi wa mwongozaji. Muuaji wa kukodiwa, Yim Tit-sam, aliigizwa na Hwang Jang-lee, mwigizaji Mkorea na bingwa wa taekwondo.

Wong Fei-hung hakuwa mtu wa kubuni. Aliishi kusini mwa China katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Alikuwa mzaliwa wa Foshan katika jimbo la Guangdong, tabibu wa tiba za asili na mwalimu wa mapigano. Kuanzia mwaka 1949, mwigizaji Kwan Tak-hing alimwigiza katika makumi ya filamu kama mtu mzima mwenye hekima, mpole na mwenye kuheshimika. Likumbuke jambo hili, maana tutalihitaji katika kipengele cha wahusika.

D. MUHTASARI WA HADITHI

Fei-hung ni kijana mtundu, mtoto wa mwalimu wa kungfu. Ana kipaji, naye anajua kuwa anacho. Anamdhalilisha mwalimu msaidizi mbele ya wanafunzi. Anamchezea msichana mtaani kwa hila bila kujua kuwa ni binamu yake. Mama wa msichana, ambaye ni shangazi yake Fei-hung, anamtandika. Kisha anampiga kijana mkorofi, mtoto wa mtu mwenye uwezo mjini, na malalamiko yanafika kwa baba. Baba anaamua kumkabidhi kwa mzee So, ombaomba mlevi anayeogopwa kwa ukali wa mafunzo yake, amfundishe kwa mwaka mmoja.

Kabla ya kukabidhiwa, Fei-hung anatoroka. Njaa inampeleka hotelini. Anakula bila kuwa na hela, na purukushani inazuka. Mzee mmoja anamsaidia kuponyoka, na baadaye Fei-hung anagundua kuwa mzee huyo ndiye So mwenyewe.

Mafunzo ni magumu. Fei-hung ananing'inizwa kichwa chini miguu juu. Chini yake pana maji, na juu karibu na miguu yake pana chombo kitupu. Anatakiwa akijaze kwa vikombe vidogo, akijikunja kwenda juu na kurudi chini mara zisizohesabika. Anachoka, anatoroka tena. Huko anakokimbilia anakutana na Yim Tit-sam, ambaye anampiga na kumdhalilisha vibaya. Anarudi kwa mzee So akiwa kimya, tayari kujifunza.

Sasa So anamfundisha siri yake: ngumi za mlevi. Ni mitindo minane, kila mmoja umepewa jina la mmoja wa Wanane Wasiokufa wa hekaya za Kichina. Miongoni mwao yumo Li, mwenye mguu mbovu na mkongojo, na yumo He, mwanamke. Fei-hung anajifunza saba kwa bidii. Wa nane, ule wa mwanamke, anaudharau kwa kuuona wa kike, na haufanyii mazoezi.

Mwishoni, mfanyabiashara mwenye uhasama na baba yake Fei-hung anamkodi Yim amuue baba huyo. Fei-hung na So wanawahi. Fei-hung anatumia mitindo saba, lakini Yim anaipata dawa yake. Umebaki wa nane, nao haujui. So anamwambia achanganye aliyojifunza na abuni wa kwake. Anaubuni palepale, anapigana kwa madaha ya mwanamke aliyelewa, na anashinda. Filamu inakwisha hapohapo.

E. KUSIMULIA SI KUHAKIKI

Sehemu D uliyomaliza kuisoma ni usimulizi. Hata ungeinakili yote kwenye karatasi ya majibu, ungekuwa hujahakiki chochote. Msimulizi anajibu swali "Nini kilitokea?" Mhakiki anajibu maswali mawili zaidi: "Kina maana gani?" na "Kimejengwaje?"

Hoja ya uhakiki ni kama chungu jikoni: husimama kwa mafiga matatu.

1. Dai: sentensi moja inayosema unachokiona katika kazi.
2. Ushahidi: tukio, kauli au mhusika anayethibitisha dai hilo.
3. Ufafanuzi: maelezo ya jinsi ushahidi unavyothibitisha dai, na uhusiano wake na maisha ya jamii.

Figa moja likiondolewa, chungu kinamwagika. Watahiniwa wengi huweka dai na ushahidi, kisha hukimbilia hoja inayofuata. Figa la tatu ndilo linalosahaulika zaidi, nalo ndilo linaloonyesha kuwa umefikiri.

F. MAUDHUI

1. Dhamira

(a) *Nidhamu na kipaji.* Filamu inaonyesha kuwa kipaji bila nidhamu humwangusha mwenye nacho. Mwanzoni Fei-hung anawashinda wanaomzidi umri, lakini anapokutana na Yim kipaji hicho hakimsaidii kitu. Tukio hili linathibitisha dhamira kwa sababu Fei-hung hakushindwa kwa kukosa nguvu; ameshindwa kwa sababu alikatisha mafunzo katikati. Katika jamii tunawaona vijana wa namna hii: mwepesi wa kuelewa darasani ambaye hafungui daftari, kisha anashangaa matokeo yanapotoka.

(b) *Malezi na ushirikiano wa wazee.* Baba anaona kuwa mtoto wake amemshinda, hivyo anamkabidhi kwa mtu mwingine. Kwa kufanya hivyo anakubali kuwa malezi hayawezi kuwa kazi ya mtu mmoja. Hapa unaweza kulinganisha na desturi yetu ya kumpeleka mtoto akalelewe na mjomba au babu.

(c) *Dharau na matokeo yake.* Kila anayedharauliwa na Fei-hung anamrudi. Shangazi aliyemchukulia kama mwanamke wa kawaida anampiga. Mzee aliyeonekana ombaomba anakuwa mwalimu wake. Mtindo wa nane alioudharau ndio anaouhitaji siku ya hatari. Waswahili husema, mdharau mwiba mguu huota tende.

(d) *Nafasi ya mwanamke.* Dhamira hii wahakiki wanaoanza huikosa, kwa sababu wahusika wanawake katika filamu ni wachache. Lakini tazama: Fei-hung anapewa funzo la kwanza na mwanamke, na ushindi wake wa mwisho unapatikana kwa mtindo wa mwanamke. Tutairudia hoja hii katika sehemu ya H.

2. Migogoro

- *Mgogoro wa Fei-hung na baba yake.* Chanzo ni utundu wa kijana. Suluhisho ni kumkabidhi kwa mzee So.
- *Mgogoro wa Fei-hung na mzee So.* Chanzo ni ugumu wa mafunzo. Unakwisha Fei-hung anaporudi kwa hiari yake.
- *Mgogoro wa kiuchumi* kati ya baba yake Fei-hung na mfanyabiashara aliyemkodi muuaji.
- *Mgogoro wa nafsi.* Fei-hung anavutana na nafsi yake: akimbie au abaki? Huu ndio mgogoro mkuu, maana mingine yote inategemea utatuliwe kwanza.

Kumbuka: usiutaje mgogoro bila kueleza chanzo chake na suluhisho lake.

3. Ujumbe

Ujumbe ni funzo linalotokana na dhamira. Baadhi ya mafunzo ya filamu hii ni: mtu asimpime mwenzake kwa mavazi, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na usichague sehemu ya elimu unayoipenda ukaacha usiyoipenda.

4. Falsafa na msimamo

Falsafa ya filamu hii ni kuwa ubora wa mtu hutokana na kazi ya kila siku, hata kazi inayoonekana haina maana. Kujaza chombo kwa vikombe vidogo kunaonekana kama mateso, lakini mwili unajengeka kimyakimya. Kuhusu msimamo, filamu inaunga mkono utii kwa mwalimu, lakini haiungi mkono utii wa kasuku. Mwisho wa yote, mwalimu mwenyewe ndiye anayemwambia mwanafunzi abuni.

G. FANI

1. Muundo

Filamu imetumia muundo wa moja kwa moja, yaani msago. Matukio yanaanza na utundu, yanafuatiwa na adhabu, kutoroka, kudhalilishwa, kurudi, kujifunza na hatimaye pambano. Usiishie kuandika "muundo ni msago" ukaweka nukta. Eleza umesaidia nini: kwa kuwa matukio yanafuatana kwa mpangilio wa wakati, mtazamaji anaiona tabia ya Fei-hung ikibadilika hatua kwa hatua. Pia kuna jambo la kujirudia: anatoroka mara mbili, lakini anarudi kwa hiari yake mara moja tu. Hapo ndipo hadithi inapogeuka.

2. Mtindo

Mtindo mkuu ni vichekesho vya mwili. Mapigano yamepangwa kama ngoma: kila hatua ina mdundo wake, na kicheko kinatokana na mwili unaoyumba kana kwamba unaanguka, kumbe unakwepa. Kinachofanya mtindo huu ufae maudhui ni kuwa anayeonekana dhaifu ndiye mwenye nguvu. Hiyo ni kinaya, nayo inakwenda sambamba na dhamira ya dharau.

3. Wahusika

*Wong Fei-hung* ni mhusika duara. Anaanza akiwa mtundu, mwenye majivuno na mvivu wa mazoezi, na anamaliza akiwa jasiri na mbunifu. Hapa ndipo taarifa ya sehemu C inapofaa. Watazamaji wa Hong Kong walikuwa wamezoea kumwona Wong Fei-hung kama mzee mwenye hekima. Filamu hii ilimrudisha ujanani na kumwonyesha kabla hajawa na hekima hiyo. Kwa kufanya hivyo inatuambia kuwa hata shujaa aliwahi kuwa mwanafunzi asiyesikia.

*Mzee So* ni mwalimu mkali, mcheshi na mwenye siri. Umaskini wake wa nje unaficha utajiri wa ujuzi. Lakini ana udhaifu: ni mtumwa wa pombe.

*Yim Tit-sam* ni mhusika bapa. Tangu mwanzo hadi mwisho ni muuaji anayefanya kazi kwa malipo. Kutobadilika kwake kunasaidia kuonyesha mabadiliko ya Fei-hung: adui ni yuleyule, kipigo ni kilekile, aliyebadilika ni kijana.

*Baba, shangazi na mwalimu msaidizi* ni wahusika wadogo wanaotusaidia kuijua tabia ya mhusika mkuu.

4. Mandhari

Mandhari ni ya mji wa kusini mwa China ya zamani: uwanja wa shule ya kungfu, mitaa, hoteli na vibanda vya nje ya mji. Angalia jinsi mandhari yanavyobadilika pamoja na mhusika. Akiwa mtundu, yupo mjini kwenye watu wa kumshangilia. Akijifunza, yupo mahali pa upweke ambapo hakuna wa kumpigia makofi.

5. Matumizi ya lugha na ishara

Kuwa mwangalifu. Ukiitazama filamu iliyotafsiriwa, maneno unayoyasikia ni ya mtafsiri. Mtafsiri wa kibandani anaweza kuongeza methali na utani ambao haumo katika filamu yenyewe, na ukaupenda kuliko filamu. Huo ni ustadi wa mtafsiri. Usimpe sifa hiyo mwandishi. Kilicho salama kukihakiki ni ishara zinazoonekana kwa macho: *kikombe kidogo* ni ishara ya subira, na *mavazi ya ombaomba* ni ishara ya thamani iliyofichika.

H. KUFAULU NA KUTOFAULU

Swali la kufaulu na kutofaulu huwaogopesha wengi. Wengine husifia tu, wengine hulaumu tu. Mhakiki mzuri huweka vyote kwenye mizani.

*Kufaulu.* Kimaudhui, filamu imefaulu kuonyesha thamani ya nidhamu bila kuhubiri. Hakuna mzee anayesimama kutoa hotuba. Mazoezi yenyewe ndiyo yanayosema. Kifani, imefaulu kuunganisha kicheko na mapigano hadi kimoja hakitengani na kingine. Mtoto anacheka, na mkusanyaji wa filamu za kale anairudia kwa ajili ya ustadi wa miili.

*Kutofaulu.* Zipo hoja mbili nzito.

Ya kwanza ni pombe. Filamu inamfanya mlevi kuwa shujaa, na katika pambano la mwisho kijana anakunywa ili apigane vizuri. Mzazi anayekaa na watoto wake mbele ya filamu hii ana haki ya kuuliza maswali. Mtetezi wa filamu atajibu kuwa kuna tukio ambalo mzee So anakosa pombe na kushindwa kupigana, jambo linaloonyesha utumwa wa ulevi. Jibu hilo lina uzito, lakini halitoshi, kwa sababu tukio hilo linapita haraka na ushindi wa mwisho unalifunika. Mhusika Fei-hung alirudi katika Drunken Master II ya mwaka 1994, ambapo Jackie Chan aliigiza tena nafasi hiyo. Humo baba anakataza vikali ngumi za mlevi, na ulevi unamletea kijana aibu mbele ya watu. Kilichoachwa nusu katika filamu ya kwanza kilitiwa mkazo katika ya pili.

Ya pili ni taswira ya mwanamke. Tumesema kuwa mtindo wa mwanamke ndio unaoleta ushindi. Ni kweli, lakini filamu inatutaka tucheke kijana anapojipodoa kwa ishara na kutembea kwa madaha. Je, filamu inamheshimu mwanamke au inamfanyia mzaha? Unaweza kutetea upande wowote, mradi uonyeshe kuwa umeuona na upande wa pili.

I. SWALI LA MFANO NA MAJIBU

Swali: "Elimu ya kuchagua ni nusu ya ujinga." Jadili kauli hii kwa kutumia hoja mbili kutoka katika filamu uliyoisoma.

Jibu dhaifu

*Katika filamu hii Fei-hung alifundishwa mitindo minane. Alijifunza saba akaacha mmoja. Kisha Yim akaja kumpiga baba yake. Fei-hung akapigana naye na akashinda. Hivyo elimu ya kuchagua ni nusu ya ujinga.*

Angalia kasoro. Huu ni usimulizi. Hakuna dai linalojitegemea wala ufafanuzi. Sentensi ya mwisho imeinakili kauli ya swali tu. Tena jibu linajipinga: kama Fei-hung alishinda, ujinga uko wapi?

Jibu bora

*Elimu ya kuchagua ni tabia ya mwanafunzi kujifunza anachokipenda na kuacha asichokipenda. Tabia hii humfanya ajione ameelimika, kumbe pengo alilonalo linasubiri siku ya kuonekana. Filamu ya Drunken Master inalithibitisha jambo hili kupitia mhusika Wong Fei-hung kama ifuatavyo.*

*Kwanza, elimu ya kuchagua humwacha mtu bila kinga wakati wa hatari. Fei-hung anajifunza mitindo saba ya ngumi za mlevi na kuudharau wa nane kwa kuuona wa kike. Anapopambana na Yim Tit-sam, mitindo saba inazuiwa yote. Hakuijua vibaya ile saba. Tatizo ni kuwa adui hakuja kumpima katika yale aliyoyapenda. Hata katika maisha, matatizo hayamuulizi mtu amejiandaa kwa lipi.*

*Pili, elimu ya kuchagua mara nyingi hutokana na dharau, si na uwezo mdogo. Fei-hung alikuwa na uwezo wa kujifunza mtindo wa nane, kwani alimudu saba iliyotangulia. Alichokosa ni heshima kwa kile alichofundishwa. Hii inaonyesha kuwa ujinga wa aina hii ni wa kujitakia, na dawa yake ni unyenyekevu.*

*Hata hivyo, kauli hii haina ukweli kwa asilimia zote. Fei-hung anashinda kwa kubuni mtindo wake kutokana na ile saba. Msingi imara unaweza kumsaidia mtu kuziba pengo. Lakini aliweza kubuni kwa sababu saba alizijua barabara. Aliyechagua mbili au tatu asingekuwa na cha kuchanganya.*

*Kwa kuhitimisha, filamu inatufundisha kuwa elimu haina sehemu ya kutupa. Anayechagua hujipunguzia silaha kabla ya vita.*

Maelezo ya mwalimu: Jibu hili lina utangulizi unaofafanua kauli, hoja mbili zenye mafiga matatu kila moja, aya inayoupima upande wa pili na hitimisho fupi. Halikusimulia filamu yote. Limechukua tukio moja na kulikamua.

J. MAKOSA YA KUEPUKA

1. Kuorodhesha bila kufafanua. "Dhamira ni nidhamu, malezi, dharau." Hiyo ni orodha ya sokoni.
2. Kuchanganya dhamira na ujumbe. Dhamira ni jambo linalozungumziwa (dharau). Ujumbe ni funzo (usimdharau usiyemjua).
3. Kumchanganya mwigizaji na mhusika. Andika "Fei-hung anatoroka", usiandike "Jackie Chan anatoroka". Vivyo hivyo katika tamthiliya na riwaya, usimchanganye mwandishi na msimulizi.
4. Kutumia maneno makubwa usiyoyajua maana. Ukiandika "taashira", onyesha ni ishara gani na inawakilisha nini.
5. Kubashiri mada. Kosa hili linastahili maelezo zaidi.

Kila mwaka wapo watahiniwa wanaosoma riwaya na tamthiliya wakaacha ushairi, au wanaosoma sarufi wakaacha utungaji, kwa kuamini kuwa "mwaka huu haitoki". Wanaingia chumbani na mitindo saba. Umeshaona katika filamu kilichompata aliyefanya hivyo. Fei-hung alikuwa na mwalimu wake pembeni wa kumwambia abuni, na alikuwa na mwandishi wa hadithi aliyetaka ashinde. Wewe ndani ya chumba cha mtihani hutakuwa na yeyote kati ya hao.

Basi, kabla ya kwenda kwenye maswali, chukua karatasi na uandike mada ambayo umekuwa ukiikwepa tangu Kidato cha Tatu. Mada hiyo ndiyo mtindo wako wa nane. Ianze wiki hii.

K. MASWALI YA MARUDIO

1. Eleza tofauti kati ya kusimulia na kuhakiki. Toa mfano mmoja wa kila kimoja kutokana na tukio la Fei-hung kula hotelini bila hela.

2. Fafanua migogoro mitatu iliyomo katika filamu, ukionyesha chanzo na suluhisho la kila mmoja.

3. "Mhusika bapa hana faida katika kazi ya sanaa." Kwa kumtumia Yim Tit-sam, kubali au pinga kauli hii kwa hoja tatu.

4. Mzazi mmoja amekataza watoto wake kutazama filamu hii kwa sababu ya ulevi uliomo. Andika barua kwa mzazi huyo ukimuunga mkono au ukimshauri vinginevyo. Zingatia adabu ya lugha kwa mtu mzima.

5. Chagua kitabu teule kimoja cha tamthiliya. Bila kufungua notsi zozote, andika dhamira mbili kwa kutumia mafiga matatu: dai, ushahidi na ufafanuzi. Kisha linganisha na notsi zako. Weka alama ya vema kwenye hoja uliyoiona wewe na notsi hazikuiona.

Dokezo la swali la 3: Usikimbilie kukubali. Jiulize: kama Yim naye angebadilika tabia, tungepimaje mabadiliko ya Fei-hung?

Dokezo la swali la 5: Hili ndilo swali kubwa kuliko yote katika somo hili. Ukipata hata alama moja ya vema, umeanza kuhakiki.